Video Imepotea Mtandaoni? Soma Dalili Kabla Hujagusa Kitu

Kibanda changu cha simu kiko Kawangware, Nairobi, hatua chache kutoka stendi ya 46. Nilikifungua nikijua kazi itakuwa kubadilisha vioo na kurekebisha sehemu za chaji. Kazi hiyo ipo, lakini siku hizi wengi huketi kwenye benchi langu na simu nzima kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo, na maneno ni yale yale: "Fundi, kulikuwa na video hapa."

Haya ndiyo malalamiko yanayojirudia, kila moja na sababu zake, nikianza na ile ninayoikuta mara nyingi. Majina ya vitufe hubadilika kila programu inapopata toleo jipya, kwa hiyo nitakueleza kitu kilipo na kazi yake. Usikwame kwenye neno.

Onyo la kwanza linatangulia dalili zote: usiondoe programu kwenye simu, wala usisafishe data yake. Jirani atakwambia, "Futa, uweke upya, itakaa sawa." Dawa hiyo huponya programu inayoganda. Kwa video iliyopotea inaweza kuwa ndilo kaburi lake, na utaona kwa nini tukifika kwenye drafti, yaani video ulizozianza ambazo hujazipandisha.

"Niliitazama jana, leo siioni"

Sababu inayoongoza ni kwamba uko kwenye akaunti nyingine. Mama mmoja mshonaji alinijia akitafuta video ya TikTok ya kukata mkono wa gauni la kitenge. Kitambaa alishanunua, kilikuwa kwenye kikapu miguuni pake. Alikuwa amepitia video zote alizozipenda, hakuna kitu. Nikamwomba aguse alama ya wasifu, ile ya chini pembeni kulia. Ikatokea picha ya msichana mwenye miwani. "Ala! Huyu si mtoto wangu?" Binti alikuwa ameazima simu usiku akaingia kwa akaunti yake. Tukagusa jina lililo juu ya ukurasa, tukachagua akaunti ya mama, na video ikawa ya tatu kwenye orodha. Sikumtoza kitu.

Sababu ya pili: ulitoka kupokea simu, uliporudi mkondo wa video ukaanza upya. Video haijaenda popote, ni wewe uliyesogezwa. Fuata nyayo zako:

- TikTok: wasifu, mistari mitatu, kituo cha shughuli, historia ya kutazama. Pia ukitafuta neno lolote, kichujio cha matokeo kina chaguo la video ulizokwisha kutazama.
- YouTube: historia iko kwenye ukurasa wako na ina kisanduku chake cha kutafutia. Akaunti zilizofunguliwa tangu Juni 2020 hujifutia historia baada ya miezi 36 kama hujabadilisha mpangilio huo.
- Facebook: kumbukumbu ya shughuli, sehemu ya video ulizotazama. Usisahau ulizohifadhi.
- Instagram: shughuli zako, kisha ulizopenda, ulizoandikia maoni na ulizohifadhi.

Halafu kuna mahali ambapo watu hawaangalii kabisa, nako ni kwenye mazungumzo. Video iliyokuchekesha pengine ulimtumia mtu usiku huo huo. Fungua gumzo lenu la WhatsApp, gusa jina lake juu, ingia palipokusanywa picha, viungo na nyaraka. Viungo vyote mlivyowahi kutumiana vimepangwa hapo kwa tarehe.

Sababu ya tatu ni historia iliyozimwa, au ulitazama kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Hapo hakuna nyayo za kufuata, itabidi utafute upya.

Na kutafuta kuna ufundi wake. Watu wengi huandika kile walichokiona: "mama anakata kitambaa". Mtambo wa kutafuta unategemea zaidi maneno: yale mwenye video aliyoandika chini yake, yaliyobandikwa juu ya picha, na mara nyingi yaliyosemwa. Kwa hiyo andika sentensi unayoikumbuka jinsi ilivyotamkwa. Hapa Nairobi hiyo ina maana ya kuandika kwa Sheng, na kwa kila tahajia inayokujia: mutura na mtura, chapati na chapo, matatu na mathree na nganya. Kijana mmoja alihangaika mchana kutwa na "matatu nzuri ya Rongai". Nilimuuliza ubavuni mwa gari paliandikwa nini. Akalikumbuka jina, akaliandika, na video ikaja ya kwanza.

Kama unakumbuka muziki tu, tafuta video nyingine yoyote yenye sauti ile ile, kisha uguse jina la sauti hiyo chini ya video. TikTok na Instagram zote mbili zitakufungulia video nyingine zilizoitumia. Ni kazi ya macho, lakini hufanya kazi.

Ukishindwa ndani ya programu, toka nje. Kwenye Google andika site:tiktok.com bila nafasi katikati, acha nafasi, kisha maneno yako. Utaletewa kurasa za TikTok peke yake. Na ukiwa na picha uliyonasa kwenye skrini, ipitishe kwenye Google Lens, chombo cha Google cha kutafuta kwa picha. Inasaidia zaidi pale kwenye picha kuna maandishi, bango au jengo linalojulikana.

"Kiungo kinafunguka, lakini naambiwa video haipatikani"

Anza na jambo dogo: kiungo kimekatika. Kikinakiliwa kutoka kwenye ujumbe mrefu, herufi za mwisho hubaki nyuma. Mwombe aliyekutumia akitume tena peke yake.

La pili, hujaingia kwenye akaunti, au video imewekewa kikomo cha umri au cha nchi.

La tatu, mwenyewe ameifanya ya faragha. La nne, ameifuta. La tano, amekufungia. Kuyatenganisha haya kuna jaribio la dakika moja: mpe mtu mwingine kiungo hicho akifungue kwa simu yake. Kikifunguka kwake na kikakataa kwako hata ukiwa umeingia vizuri, inaelekea umefungiwa, au yeye ni rafiki wa mwenye video na wewe si rafiki. Kikikataa kwa kila mtu, imefutwa au imefichwa. Kufungiwa si hitilafu ya simu na mimi sirekebishi, ingawa nimeshaombwa zaidi ya mara moja, na kwa bei nzuri.

Kwa YouTube kuna njia ya ndani zaidi. Kila video ina utambulisho wa herufi 11, zile zinazofuata v= kwenye kiungo. Zinakili, zitie ndani ya alama za kunukuu, uzitafute kwenye Google. Mara nyingi utakuta mahali mtu alipoibandika pamoja na kichwa chake, na kichwa hicho ndicho utakachotumia kutafuta nakala iliyopakiwa na mtu mwingine. Unaweza pia kubandika kiungo kizima kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani za mtandao. Usitarajie video icheze, kwa kawaida haichezi. Unachowinda pale ni kichwa, jina la chaneli na tarehe.

"Video yangu mwenyewe haipo kwenye ukurasa wangu"

Sababu ya kwanza: haikuwahi kupanda. Bando la saa moja liliisha katikati, au simu iliiua programu nyuma ya pazia ili kuokoa chaji, jambo ambalo simu nyingi tunazotumia hapa hufanya bila kuuliza. Angalia kama kuna duara linalozunguka au ujumbe wa kujaribu tena. Kabla hujaugusa, hakikisha video asili iko kwenye matunzio ya simu, uinakili mahali pengine. Kisha ipandishe tena ukiwa na Wi-Fi, kioo kikiwa kimewaka.

Ya pili: imebaki kwenye drafti, au imepandishwa ikiwa ya "mimi tu". Fungua orodha ya video zako, tafuta alama ya kufuli.

Ya tatu, kwa YouTube: ni ndefu kuliko unavyoruhusiwa. Akaunti ambayo haijathibitishwa hupewa dakika 15 tu. Nimeona watu wakipandisha ruracio, sherehe ya mahari, ya dakika 40 mara tatu, bando tatu, na kila mara inakataliwa. Thibitisha akaunti kwa nambari ya simu na kikomo kitapanda hadi saa 12.

Ya nne: imeondolewa kwa kuvunja kanuni au kwa hakimiliki. Utakuwa umepata taarifa. Ingia kwenye sehemu ya hali ya akaunti usome kosa lililotajwa, na ukate rufaa hapo hapo ndani ya programu. Usiipandishe tena kwa hasira. Kwenye YouTube, maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli nzima.

"Nimeifuta kwa makosa"

Hapa muda ndio kila kitu, na kila jukwaa lina saa yake.

Instagram ina sehemu ya vilivyofutwa karibuni, ndani ya shughuli zako. Video na reels hukaa humo hadi siku 30. Stori ambazo hazikuhifadhiwa kwenye kumbukumbu hukaa saa 24 tu. Facebook ina tupio ndani ya kumbukumbu ya shughuli, nayo ni siku 30. TikTok, angalia kwenye kituo cha shughuli kama toleo lako lina sehemu ya zilizofutwa karibuni. YouTube na X (zamani Twitter) hazina tupio la video: ukibonyeza na kukubali, imekwenda.

Jukwaa likikosa jibu, geukia simu. Google Photos huweka vilivyofutwa siku 60 kama vilikuwa vimehifadhiwa mtandaoni, na siku 30 kama havikuwa. Matunzio ya Samsung na ya iPhone nayo yana tupio la siku 30.

Na kama uliwahi kumtumia mtu video hiyo kwa WhatsApp kwenye simu ya Android, kuna nakala ambayo watu hawaijui. Fungua kidhibiti faili, uingie Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Video, kisha Sent. Utakuta video ulizotuma, ubora umepunguzwa kidogo lakini zinacheza. Folda hiyo imeokoa graduesheni, ubatizo, na goli moja la mtoto wa darasa la sita ambalo baba yake alikuwa amelifuta akitafuta nafasi ya kupakua filamu.

Kuhusu zile programu zinazojisifu kurejesha kila kilichofutwa: kwenye simu za kisasa, usipoteze pesa. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 kuendelea huhifadhi faili zikiwa zimefungwa kwa msimbo, na faili likishafutwa hakuna cha kuokota. Utakachoonyeshwa ni vijipicha vidogo vilivyosalia, kisha utaambiwa ulipie ili uone zaidi.

Kadi ya kumbukumbu ni habari nyingine. Kama video ilikuwa kwenye kadi, acha kurekodi papo hapo, izime simu, itoe kadi. Kilichofutwa bado kiko pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mwenye kompyuta anaweza kuisoma kwa PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa faili, ila kinachookolewa kihifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe kisirudishwe kwenye kadi hiyo hiyo.

"Matanga yalirushwa moja kwa moja, sasa siyaoni"

Hii imeongezeka sana. Familia ina mtu Doha, mwingine Minnesota, hawakuweza kuja kuzika. Mazishi yakarushwa Facebook. Mwaka ukiisha, ibada ya ukumbusho inakaribia, wanataka kuitazama tena, na hakuna kitu.

Sababu kuu ni sheria ya jukwaa lenyewe. Tangu tarehe 19 Februari 2025, video mpya za moja kwa moja kwenye Facebook hukaa siku 30, kisha hujifuta. Zile za zamani zilipangwa kuondolewa kwa awamu, mwenye ukurasa akipewa taarifa na siku 90 za kuzipakua. Tatizo ni kwamba taarifa humfikia mwenye ukurasa. Kama ukurasa ulikuwa wa mpiga video au wa kanisa, familia haikusikia lolote.

Fuata mpangilio huu. Kwanza hesabu siku. Kama hazijafika 30, mwombe mwenye ukurasa aipakue leo, asingoje wikendi. Pili, uliza kama ilirushwa YouTube pia, maana wapiga video wengi hurusha kote kuwili. YouTube hujihifadhia yenyewe matangazo ya chini ya saa 12, kwa hiyo hata kesha zima huingia humo. Huenda imewekwa kwa wenye kiungo tu, na ndiyo sababu utafutaji haukuileta: ombeni kiungo. Tatu, mpigieni mpiga video. Kamera yake kwa kawaida ilirekodi kwenye kadi au kompyuta wakati ule ule wa kurusha. Mwambieni tarehe na mahali hasa, "yale mazishi ya mwaka jana" hayamsaidii mtu aliyepiga mengi kila mwezi. Nne, waulizeni jamaa wa ng'ambo. Kuna daima shangazi mmoja aliyekuwa akirekodi skrini yake akilia.

Kama bado mko ndani ya muda, ipakueni mara mbili: moja kwenye simu, nyingine kwenye flashi inayokaa nyumbani kwa wazee.

"Drafti zangu zote zimetoweka"

Drafti za TikTok na Instagram hukaa ndani ya simu, si kwenye akaunti. Ukibadilisha simu hazikufuati. Ukiondoa programu au ukasafisha data yake, zinafutika. Ndiyo maana ya onyo lile la mwanzo.

Kagua akaunti zako zote, kwa sababu drafti huonekana kwenye akaunti iliyoitengeneza. Kama bado una simu ya zamani, iwashe ukatazame. Vinginevyo kinachobaki ni vipande vya asili kwenye matunzio, kama ulirekodi kwa kamera ya simu. Kama ulirekodi ndani ya programu na programu imeondolewa, mimi huwaambia watu ukweli na kuwarudishia simu yao.

"Video ya WhatsApp inakataa kufunguka"

Ikisema faili halipo, lilifutwa kwenye simu yako au lilikuwa kwenye kadi uliyoitoa. Njia rahisi ni aliyekutumia aitume tena. Stetasi hudumu saa 24, zikipita muulize mwenyewe. Kama ulihamia simu mpya, video za zamani zitarudi tu ikiwa nakala rudufu ya Google Drive ilijumuisha video, na wengi huwa wameiondoa ili kuokoa nafasi.

Hapa acha, tafuta msaada mwingine

Kadi inayopata moto, isiyosomeka, au simu iliyoingia maji ikiwa na video pekee ya tukio: usiichaji, usiiwashe "kujaribu tu". Ipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data, na umwambie kabla hajaifungua kwamba unachotaka ni video, simu baadaye. Fundi asiyeambiwa hivyo anaweza kuiponya simu kwa kufuta kila kitu.

Akaunti imeingiliwa, au laini yako ya simu imezimika ghafla bila sababu: acha kutafuta video. Piga simu kwa kampuni ya laini kwanza, kwa simu ya mtu mwingine, kisha urejeshe akaunti kupitia ukurasa rasmi wa jukwaa. Chini ya kila lalamiko mtandaoni hujitokeza mtu anayesema anamfahamu mdukuzi hodari aliyemrudishia akaunti. Atataka pesa kwa M-Pesa, kisha msimbo uliotumiwa kwa ujumbe mfupi. Usimpe lolote kati ya hayo mawili.

Mtu anakutishia kwamba atasambaza video yako ya faragha: usimlipe, usifute mazungumzo. Kusambaza picha za namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandao ya 2018, kifungu cha 37. Nasa skrini za vitisho, nakili kiungo cha ukurasa wake, nenda polisi.

Na kama video inayotafutwa ni ushahidi, ajali ya barabarani au mtu aliyepigwa, usiipitishe kwenye programu ya kuhariri wala usiitume huku na huku kwa WhatsApp ukaifuta asili. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inahitaji cheti kinachoeleza rekodi ilivyotolewa na kwa kifaa gani, na wakili atataka kuona faili lenyewe. Andika kiungo, jina la akaunti, tarehe na saa uliyoiona. Kituoni chukua nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha mkabidhi wakili simu jinsi ilivyo, na kadi yake ikiwa ndani.